Msisubiri tanzia ndipo muandike habari za mhitimu mwenzenu

Kundi letu la wahitimu wa Mkwawa tunaoishi Tabora na Kigoma lina kazi mbili za kudumu: kupongezana na kuzikana. Mimi ndiye katibu. Cheo hakina posho. Kazi yake ni kujua nani kapanda daraja, nani kahamishwa wapi, na simu ikilia usiku wa manane, kujua wa kwanza kuamshwa ni nani. Wengi wenu mna makundi ya namna hii, ya vyuo mbalimbali, kwa hiyo naeleza tunavyofanya sisi. Kinachowafaa kichukueni.

Chuo chetu bado kichanga. Pale Iringa, Mkwawa ilikuwa sekondari kabla ya mwaka 2005, ilipogeuzwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliotangulia walihitimu 2008, wakati sekondari za kata zikifunguliwa kila upande na walimu wakitafutwa kwa tochi. Wenzetu wakatawanywa Urambo, Kaliua, Uvinza, Kasulu hadi Kibondo. Leo wengi wako kwenye miaka arobaini, na ndiyo maana habari njema zinafuatana: huyu mkuu wa shule, yule mthibiti ubora, mwingine kamaliza uzamivu. Tanzia nazo zimeanza kuingia, na hizo hatujazizoea.

Ushauri wangu mkubwa ni kuandika habari za mtu akiwa hai. Nina kaunta buku, na kila mwanachama ana ukurasa wake: majina matatu kama yalivyo kwenye vyeti, mwaka wa kuhitimu, masomo ya kufundishia, shule alizopita, na ndugu wawili wa kupigiwa simu. Mnaweza kutumia kompyuta mkipenda, ila umeme wetu mnaujua.

Majina ndiyo yenye kazi. Dada mmoja sote tulimzoea kwa jina la mume. Chuo kinamjua kwa jina la baba, na kwenye ajira jina hilohilo la baba limepungua herufi moja. Akiwa hai hilo ni jambo la kuchekea. Mtumishi akifa, familia inatakiwa kuwa na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mahakama iteue msimamizi wa mirathi, ndipo waende PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kufuatilia mafao. Herufi moja ikipishana kati ya karatasi na karatasi, mjane au mgane anaanza safari za kutafuta hati za kiapo huku watoto wanasubiri ada. Kwa hiyo kila tunapokutana nawaomba watu walete vyeti tulinganishe majina, na mwenye kasoro aanze kuirekebisha mwenyewe mapema. Hufurahiwi ukiuliza hivyo kwenye sherehe. Uliza tu.

Kuhusu mafanikio, tatizo la makundi yetu ni kupigia makofi vyeo peke yake. Anayeteuliwa hupata pongezi mia mpaka simu inapata moto. Aliyebaki darasani tunamwandikia "bado anafundisha", kana kwamba amechelewa basi. Tunaye mwenzetu wa fizikia upande wa Kaliua. Shule yake haikuwa na maabara ya maana, akawa anapita kwa mafundi redio sokoni kuomba vyuma vyao vibovu. Anazifungua redio zile mezani, wanafunzi wanatoa waya na balbu kwa mikono yao, wanaunganisha na betri mpaka taa iwake. Ikikataa kuwaka hawaambii kosa liko wapi, anakaa pembeni anangoja. Haya yote yamo kwenye ukurasa wake, na nimeyapata kwa kumuuliza aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye sasa naye ni mwalimu. Mwenyewe angesema tu "nipo nipo".

Swali ninalotumia ni moja: ukimkumbuka darasani, alikuwa anafanya nini? Waulize wanafunzi na walimu wenzake, maana wasifu wa maombi ya kazi haulisemi hilo.

Watu wa Tabora tunao mfano jirani. Nyerere alisoma hapa, akaenda Makerere kuchukua stashahada ya ualimu, akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Alipofariki London, tarehe 14 Oktoba 1999, dunia ilikuwa na mengi ya kusema juu ya urais wake. Miaka ya chaki hapa mjini, kwenye habari nyingi za maisha yake, hupita kwa sentensi moja. Kama kwake ni hivyo, mimi na wewe itakuwaje?

Sasa msiba. Usitangaze kwa kutegemea ujumbe uliosambazwa. Piga simu kwa ndugu aliye kwenye daftari au mkuu wake wa kazi, na familia ikiwa haijawa tayari kutangaza, kaa kimya hata kama kundi jingine limeshapeleka picha ya mshumaa. Tanzia iwe fupi: jina kamili, mwaka aliohitimu, shule aliyokuwa akifundisha, msiba uko wapi, mazishi lini na wapi, rambirambi zipokelewe na nani. Chanzo cha kifo waachieni wenyewe. Michango iende namba moja, na orodha itolewe kila jioni, jina na kiasi. Hakikisheni mwajiri amejua mapema, kwa sababu mtumishi wa umma akifia kazini mwajiri ana wajibu wake kwenye mazishi. Pongezi za siku hiyo zingoje, hata za uprofesa.

Na kwa wageni wa huku: watani wakifika msibani wakaanza vituko, msiwakemee. Wanajua wanachofanya kuliko sisi wenye madaftari.

Baada ya mazishi naongeza tarehe na mahali alipozikwa, kisha nakala ya ukurasa naipeleka kwa familia pamoja na hesabu ya rambirambi. Miezi michache baadaye napiga simu kuuliza mirathi imefika wapi. Hapo ndipo msaada unapohitajika hasa, kwa kuwa waombolezaji wameshaondoka na karatasi ndizo zimebaki.

Katibu naye hufa, kwa hiyo awe na naibu. Wa kwangu yuko Kigoma Ujiji, amezipiga picha kurasa zote, na ukurasa wangu nimemwambia auandike yeye.