Sarafu ya Jai

Kaka, umeuliza kwa nini Sholay, ile filamu ya Kihindi ya 1975, bado haituchoshi hapa Moshi. Kwangu ni ile sarafu. Jai, mmoja wa mastaringi wawili, anairusha kila wanapotaka kuamua jambo, mpaka tunaizoea. Jai anapokufa, rafiki yake Veeru anaitazama vizuri: pande zote mbili zinafanana! Kumbe Jai aliamua mwenyewe kubaki nyuma kupambana na majambazi. Hapo kibanda umiza kizima kinanyamaza, na mzee asiyejua neno la Kihindi anafuta machozi. Halafu Gabbar, mkuu wa majambazi: anatajwa na kuogopwa kwanza, ndipo tunamwona. Na wimbo wa pikipiki si wa kupeleka mbele, jamani! Pale ndipo unapoupenda urafiki wa Jai na Veeru, ndiyo maana kifo kile kinauma.