Gemu la herufi: mmeuliza, najibu

Juzi niligusia tu hapa kwamba usiku nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Majengo huwa nacheza NetHack, gemu la shimoni lisilo na picha hata moja, basi meseji zikamiminika. Haya twende.

Kaka, bila picha adui unamwonaje? (Mdau, Nkuhungu)

Unaona herufi. Wewe ni @, nukta ni sakafu, d ndogo ni mbwa na ndugu zake, D kubwa ni joka. Siku ya kwanza utadhani kibodi imeingia maji, ila ukishazoea, hiyo D ikichomoza kwenye kona ya chumba jasho linakutoka kabisa na wala hamna sauti yoyote. Babu wa haya magemu ni Rogue, waliolianzisha ni Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa chuo huko California mnamo 1980 hivi, enzi hizo skrini za chuo ni maandishi tu kwahiyo wakatumia kilichopo. Na shimo linajipanga upya kila ukianza, yaani hata walioliandika walikuwa hawajui mlango unaofuata una nini.

Nikifa naendelea nilipoishia? (Mwanachuo, UDOM)

Thubutu. Unaanza moja. Faili ulilosevu ukilifungua tu linafutwa, hakuna kurudi nyuma.

Ngoja nikwambie yangu. Kuna mdudu anaitwa cockatrice, ukimgusa kwa mkono mtupu unageuka jiwe, hata akiwa mzoga. Mimi nikavaa glavu nikaokota mzoga wake nikawa nautumia kama rungu, kila ninayempiga anageuka jiwe, aisee nilijiona mfalme wa shimo, nikaacha hata kuangalia njia. Nikatumbukia kwenye shimo la mtego. Ukianguka na mzoga mkononi unakuangukia mwilini, glavu haisaidii kitu. Nikawa sanamu. Wiki mbili zimekwenda hivyo, afu cha ajabu sikukasirika, nilibaki nacheka peke yangu, maana kuna mtu alikaa chini akawaza "je mtu akianguka nao?" akaiandikia kodi kabisa (kodi, yaani maandishi ya programu, siyo ya TRA). Hao ndo maprograma.

Kwanini mnatembea kwa h j k l na mishale ipo? (Fundi mwenzio, Singida)

Fundi, hiyo ni ya zamani. Bill Joy alipoandika vi, ile programu ya kuhariri maandishi, alikuwa anatumia mashine ya ADM-3A, na kwenye kibodi yake mishale ilichorwa juu ya herufi hizohizo. h kushoto, j chini, k juu, l kulia. Rogue nalo likafuata, na sisi tumerithi. Ubaya wake ni kwamba nikiwa naandika risiti ya mteja najikuta nimejaza jjjj.

Laptopu yangu ya mtumba, ram 2 GB, italiweza? (Mdau, Kondoa)

Italicheza huku imelala. Ni bure toka 1987, kodi yake ya programu iko wazi kwa yeyote kuisoma, na ukishalipakua bando halihusiki.

Eti gemu linajua tarehe ya leo? (Dada, Area C)

Kweli dada, linasoma saa ya kompyuta. Ijumaa ikiangukia tarehe 13 bahati yako inashuka na usithubutu kusali humo ndani, mungu wako anakuja na hasira. Mwezi ukiwa mpevu bahati inapanda. Sasa laptopu yangu betri ya saa ilishakufa zamani, kila nikiiwasha inarudi 1 Januari 2010, na kwa hesabu za gemu siku hiyo mwezi ni mpevu. Kwahiyo mimi kila usiku naambiwa nina bahati. Betri yenyewe ninazo kibao dukani, na siibadilishi.