Timu Ni Moja au Ni Wachezaji Wengi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Niliandika "the team are playing well", mwalimu akanikosoa kwamba timu ni moja, hivyo niandike "is". Mbona magazeti ya Uingereza huandika "Arsenal are"? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, na magazeti hayo hayajakosea. Nomino za makundi kama "team", "family" na "committee" zina umbo la umoja, ilhali ndani yake mna watu wengi. Waingereza humwachia mwandishi achague: akiliona kundi kuwa kitu kimoja, hutumia kitenzi cha umoja, akiwafikiria watu waliomo, kila mmoja na lake, hutumia cha wingi. Kwa hiyo wataandika "the committee has met", kisha "the committee are divided", kwa kuwa kikao ni kimoja lakini wanaotofautiana ni watu. Katika habari za michezo wingi umekuwa desturi yao. Wamarekani hupendelea umoja, "Chicago is winning", ila jina la timu likiwa lenyewe katika wingi, kama Yankees, nao huandika "are".

Jambo hili hututatiza kwa sababu katika Kiswahili upatanisho wa nomino hizi hufuata ngeli: kamati imekutana, familia imehama. Tukitaka kuwataja watu waliomo, tunabadilisha nomino yenyewe na kusema wanakamati wamegawanyika, wanafamilia wamegombana. Hapo ndipo ninapoona msaada mkubwa kwako, kwani mahali unapohisi haja ya kuongeza "wana-", mara nyingi ndipo Mwingereza anapoweka kitenzi cha wingi.

Jihadhari zaidi na "police". Kwetu polisi aweza kuwa mmoja, tukasema polisi amefika, na ndiyo sababu wanafunzi wengi huandika "the police is here". Kwa Waingereza na Wamarekani pia neno hilo huchukua wingi, "the police are here", na askari mmoja huitwa "a police officer".

Katika mtihani, tumia umoja kwa "team" kama ulivyofundishwa, maana unakubalika pande zote mbili. Ila ukishaandika "the team has won", endelea na "its", usirukie "their" katika sentensi hiyohiyo.