Mawese ya Indonesia na msitu wao

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kila siku nasikia Wazungu wanailalamikia Indonesia eti inamaliza msitu kwa ajili ya mawese, sa si wao walishafyeka ya kwao zamani wakatajirika? Wawaache na wenzetu wapate hela. Msomaji, Mwanza.

JIBU: Salama kabisa ndugu yetu. Kwa Wazungu hapo una hoja, na ni kweli michikichi imewatoa wengi kimaisha kule, asilimia 40 hivi ya mashamba ni ya wakulima wadogo. Ila angalia msitu wenyewe unafyekwaje. Kule Indonesia, kisiwa cha Sumatra na upande wa Kalimantan kwenye kisiwa cha Borneo, kuna vinamasi vikubwa sana, chini yake tabaka nene la majani na mizizi iliyorundikana maelfu ya miaka, wanachimba mifereji maji yatoke ndo wapande, sa udongo ule ukishakauka unashika moto kama mkaa, unawaka chini kwa chini wiki na wiki na maji ya ndoo hayafui dafu. Mwaka 2015 ziliungua hekta kama milioni 2.6, shule zikafungwa, moshi ukafika mpaka Singapore, Benki ya Dunia ikapiga hesabu ya hasara ikakuta dola bilioni 16, zaidi ya mara mbili ya hela iliyotumika kuujenga upya mkoa wao wa Aceh baada ya tsunami ya 2004. Na wanaoilipa ni hao hao wananchi tunaosema watajirike, wanakohoa wao na watoto wao, jamani inauma. Ardhi iliyofyekwa zamani ikatelekezwa ipo kibao, wapande huko, kinamasi wakiache na maji yake.