Hoja haianzi kwenye kalamu

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa darasa la saba huko Marekani wanasoma makala na kuielewa, lakini insha zao za hoja zimejaa "naamini" tupu. Mimi ningerudi kwenye kusoma kwanza.

Viwango vya Common Core vya 2010, yaani viwango vya masomo vinavyofuatwa na majimbo mengi ya Marekani, vinaita uandishi huu "maoni" hadi darasa la tano. Kuanzia la sita vinadai hoja yenye sababu na ushahidi. Darasa la saba linaongezewa kutambua dai la upande wa pili. Hiyo ni hatua kubwa kwa mtoto, usiwalaumu.

Chukua makala fupi, tuseme ya kupiga marufuku simu shuleni. Walipigie mstari dai la mwandishi, kisha wauulize kila ushahidi: "Kwa hiyo?" Takwimu ya simu ngapi zimeuzwa haithibitishi kwamba simu zinavuruga masomo. Mtoto akiligundua hilo kwenye maandishi ya mtu mwingine, ataanza kuliona kwenye insha yake. Sentensi ya kuunganisha ushahidi na dai ndiyo wengi wanairuka, basi tumia siku mbili nzima hapo tu.

Na wale watoto wa familia za Kikongo uliowataja, waache wabishane kwa Kiswahili kwanza, wawili wawili, mmoja akitetea upande asioupenda. Nimeona mtoto aliyekuwa kimya mwaka mzima akibisha kama wakili. Kiingereza chake kilifuata baadaye, aya moja kwanza.