Ukienda kupimwa usonji ukubwani, beba mtu aliyekulea

Mi nimejua nina usonji (autism, yaani ubongo unaofanya kazi tofauti tangu utotoni) nikiwa na miaka 34. Kabla ya hapo hospitali moja iliniandikia skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo. Daktari aliuliza, "Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" nikasema ndiyo, nlimaanisha ile taa ya tyubu juu ya kichwa chake ilikuwa inanguruma na yeye hata habari hana. Nikameza vidonge mwaka mzima, nikanenepa, nalala mpaka saa tano asubuhi, na kelele za taksi paki zikabaki kuniumiza vilevile.

Kosa langu jingine ni kwenda peke yangu. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo, daktari anautafuta kwenye utoto wako, ulianza kuongea lini, ulicheza vipi, sasa nani anajikumbuka akiwa na miaka mitatu? Na ukubwani tumeshazoea kuigiza, mi nlikuwa namwangalia mtu machoni huku nahesabu moja mpaka tatu ndo nageuka.

Mara ya pili, kwa daktari mwingine, nikamwita mama kutoka Arua. Akapanda basi la usiku, akashuka Kampala na mfuko wa mihogo (ndo mama huyo). Akaeleza nlikuwa napanga vifuniko vya soda kwa rangi, ukisogeza kimoja nalia mpaka jioni, na nikiitwa siitiki mpaka wakadhani kiziwi. Hayo yote mi siyakumbuki kabisa.

Kama mama hayupo tafuta shangazi, jaja (bibi au babu), kaka mkubwa, au hata ripoti za praimari. Swali usipolielewa muulize daktari ana maana gani, usikimbilie ndiyo kama mimi. Akitaja Asperger, hali iliyokuwa inahesabiwa peke yake, usishtuke, 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiingiza ndani ya usonji. Dawa ya usonji wenyewe hakuna, kuna za wasiwasi, usingizi na kadhalika, lakini za zamani usiziache ghafla, mi nlipunguziwa kidogo kidogo.

Kilichonisaidia kweli ni vitu vidogo: naonwa wa kwanza asubuhi kabla benchi halijajaa, maelezo naandikiwa kwenye karatasi, na kazini (natengeneza simu) bosi kanihamishia chumba cha nyuma.

Mama neno usonji halimkai mdomoni, akipiga simu anauliza tu, "Na ile yako ya vifuniko inaendeleaje?"