Stelingi kufa si tatizo: maswali yenu kuhusu miisho ya gemu

Safu iliyopita niligusia gemu zinazoharibikia mwishoni, na ujumbe umemiminika, mwingi ukihusu Mass Effect 3, gemu ya vita vya angani. Ambaye hajaimaliza aishie hapa, maana nafichua kila kitu.

*Shikamoo anko. Nimemaliza Mass Effect 3 kwenye PS3 ya mtumba. Pale London nilikuwa na wenzangu wawili, tunaukimbilia ule mwali wa mwanga. Mwishoni nawaona wanashuka kwenye meli, sayari ya mbali huko, hawana hata mkwaruzo. Wamefikaje? – Kijana wa Majengo, Moshi*

Marahaba. Hukuruka kipande. Swali hilohilo ndilo lililowachoma wachezaji Machi 2012, gemu ilipotoka. Juni mwaka huo watengenezaji wake, BioWare, wakatoa nyongeza ya bure, Extended Cut, ambamo Shepard, stelingi unayemcheza, anaiita meli yake Normandy, inatua katikati ya mapigano na kuwabeba majeruhi. (Lile Reaper, jitu la mashine la adui, lililokuwa linateketeza kila kinachosogea lilikuwa linatazama wapi meli ikitua? Basi, tuache.) Wewe umecheza diski kama ilivyotoka kiwandani. Mwenye PS3 isiyoguswa na intaneti, au anayelionea huruma bando lake, bado yuko Machi 2012. Ukipata PS4, tafuta toleo jipya, Legendary Edition ya 2021. Nyongeza hiyo imo ndani.

*Kaka, semeni ukweli. Mmezoea stelingi hafi, siku akifa mnalia. – Msomaji wa Kaloleni, Arusha*

Hapana bwana. Wengi tulishajua Shepard haponi, na tulikuwa tayari kumzika. Kilichoudhi ni gemu kuvunja sheria iliyoiweka yenyewe. Mwaka 2011, katika Arrival, nyongeza ya Mass Effect 2, Shepard analipua kituo kimoja tu cha kurushia meli kati ya nyota, na mfumo mzima wa sayari, Bahak, unateketea na wakazi zaidi ya laki tatu. Tukafundishwa hivyo, tukaelewa. Mwaka uliofuata vituo vyote vya galaksi vinalipuka mbele ya macho yetu, halafu tunatakiwa tuamini kwamba watu wamesalimika, bila neno moja la maelezo!

Kuna na njaa. Majeshi ya Waturian na Waquarian, viumbe wa sayari nyingine, yamekuja kuikomboa Dunia, njia ya kurudi kwao imekatika, na gemu imetueleza tangu zamani kwamba chakula chetu miili yao haikikubali. Watakula nini hao? Hilo mtu hahitaji kuwa profesa kuliuliza. Extended Cut ilipunguza makali kwa kuonyesha kwamba vituo vimeharibika tu na vinaweza kutengenezwa, lakini ilibidi watu wapige kelele kwanza.

*Ni kweli wachezaji walituma keki kwa watengenezaji? – Wa Kijenge*

Kweli kabisa. Keki ndogo 400, za rangi nyekundu, bluu na kijani, zote ladha ya vanila. Chaguo tatu za mwisho wa Mass Effect 3 zilitofautiana zaidi kwa rangi hizo za mwanga, na kabla ya gemu kutoka mkurugenzi wake, Casey Hudson, alikuwa ameahidi kwamba mwisho hautakuwa wa kuchagua A, B au C. Mashabiki walichanga pia zaidi ya dola 80,000 kwa Child's Play, wanaopeleka vitu vya kuchezea kwa watoto waliolazwa hospitalini. Hasira za namna hiyo naziheshimu kuliko matusi.

*Mimi kero yangu ni Fallout 3. Nina Fawkes, jitu lisilodhurika na mionzi. Nimelibembeleza liingie kwenye kile chumba badala yangu, likakataa! – Dada wa Sakina*

Pole, dada. Kwa asiyeijua: mwishoni lazima mtu aingie kwenye chumba cha mionzi inayoua, abonyeze tarakimu tatu za kuwasha mtambo wa kusafisha maji. Mwisho huu kwangu ndio mbovu kuliko wote, kwa sababu Fawkes huyohuyo, muda si mrefu kabla, alishaingia kwenye mionzi ya handaki la Vault 87 kukuchukulia kifaa kiitwacho GECK. Kazi ileile, mwili uleule. Mwishoni anakuambia hiyo ni hatima yako, hawezi kukunyang'anya. Hatima gani, na yeye angebonyeza tarakimu zile tatu akatoka mzima? Mwandishi alitaka ufe kishujaa akasahau kwamba amekupa rafiki wa kukuokoa. Gemu ilitoka 2008. Mwaka 2009 nyongeza ya Broken Steel ikamruhusu Fawkes kuingia, nawe ukaendelea kucheza. Ila msimuliaji bado anakusema kwa kumtuma mwenzio, kama vile kutumia akili ni woga.

*Mwanangu yuko kidato cha nne. Tangu amalize gemu amenuna, anasema wamemdanganya. Nimnyang'anye pedi? – Mama wa Njiro*

Shikamoo mama. Kwa kununa tu, hapana. Mkae jikoni akusimulie hadithi yote, umuulize maswali. Atatulia akiona kuna mtu anasikiliza. Kwa mtihani wa Novemba, hilo lingine. Fungia kabatini, na waya wa kuchajia pia.